Siku Tisa za Dengu

Sisi watu wa Rumonge hatujui mboga isiyo na ndagala. Lengalenga, sombe, maharage, hata kunde za kuokoteza shambani, lazima utwange konzi ya vile visamaki vikavu vya ziwani, unyunyize, ndipo mtu aseme amekula. Mama mkwe wangu alikuwa akisema mboga isiyo na ndagala ni maji ya kunawia, na akiandaliwa sahani ya namna hiyo aliisukuma kando mbele ya mwenyeji wake, bila haya. Nayasema haya mapema ili mtu asinihukumu kabla hajajua nimelelewa wapi.

Nilikuwa mke mchanga, sijapata mtoto bado, na Wadachi, yaani Wajerumani, ndio waliokuwa wenye nchi. Ua wetu ulipakana na wa Banyani mmoja mwenye duka la nguo na chumvi. Mkewe alikuwa mama wa makamo, mwembamba, na hakuwa na mwenzake wa kabila lake mji mzima. Mimi nilimwita mama, yeye aliniita mwanangu, kwa Kiswahili chake cha kukatakata. Hakula nyama, hakula samaki, hakula hata yai. Watu walimcheka: anaishi kando ya ziwa kama hili na samaki hali! Mimi nami nilicheka, mpaka siku aliponiingiza jikoni kwake.

Kuingia kulikuwa na masharti. Unavua kanga uliyoanikia samaki, unajifunga nyingine. Unanawa kwa majivu mpaka viwikoni, naye anakunusa mikono. Ukishapita hapo unapewa ungo uchambue dengu, kijiwe kimoja kisibaki. Zinaoshwa maji matatu, zinabandikwa na manjano kwenye sufuria yake ya shaba, zinachemka mpaka zipasuke na kulainika. Mwisho kabisa samli inapashwa moto pembeni, inatiwa bizari nyembamba na punje ya mvuje ndogo kuliko ukucha, na yote yanamwagwa juu ya dengu, shaaa! Kwetu mvuje ulikuwa wa kumfunga mtoto shingoni afukuziwe mashetani. Nilipomwambia mama mkwe kwamba wenzetu wanautia chakulani, alishika mdomo. "Ala! Wanakula hirizi?" Lakini mimi nilionja, nikaonja tena, na tangu hapo haikupita wiki sijakaa kwenye kigoda cha jiko lile. Nilimpenda mama yule. Nilimpenda kuliko baadhi ya ndugu zangu, na sioni haya kulisema.

Kisha vita vikaja. Mumewe alikuwa amekwenda Ujiji kufuata bidhaa, na ghafla ziwa likafungwa. Askari walichukua mitumbwi, wakachukua na wapiga makasia, na aliyekuwa safarini akabaki huko huko. Mwezi wa kwanza mama yule alikwenda pwani kila asubuhi kuuliza. Mwezi wa pili homa ikamlaza.

Nani wa kumwuguza kama si mimi? Nikahamia huko mchana kutwa. Nilipika dengu kama alivyonifundisha, kwa masharti yake yote, kijiko kwa kijiko nikampelekea mdomoni. Alikunywa viwili akageuza uso ukutani. Siku ya nne nilipomwinua nimbadilishe shuka, nilishtuka. Alikuwa mwepesi kama fungu la kuni kavu.

Nikarudi nyumbani nalia. Mama mkwe alikuwa anatwanga ndagala, hakuacha kutwanga. "Huyu mutu anakufa," alisema, "na weye unamupa maji ya manjano. Mugonjwa wa kwetu anapewa supu ya ndagala, na muzazi aliyejifungua anapewa, na wote wanaamuka. Weye unangoja nini?"

"Mama, mwiko wake."

"Mwiko! Mgonjwa haulizwi uji."

Methali hiyo niliijua tangu utotoni, wala sikuwahi kuitilia shaka. Nikachota unga wa ndagala kinuni, nikaufunga kwenye pindo la kanga, nikarudi. Mbele ya mlango wa jiko nilisimama. Nikanawa mikono kwa majivu mpaka viwikoni, eti! Kisha nikaingia nikafungua pindo, nikatia unga ule ndani ya dengu, na mvuje nikauzidisha ili harufu isisikike.

Alikula. Wallahi alikula, kijiko cha tatu, cha nne, mpaka bakuli likaisha. Kesho yake akaomba tena. Siku baada ya siku macho yake yalirudi, sauti ikarudi, akaanza kukaa kitako na kunitania kwamba mkono wangu sasa unapika kuliko wake. "Katika mji huu wote," aliniambia, "mkono ninaoweza kula mimi ni wako tu." Nilicheka. Na kesho yake nikatia tena. Nilijiambia akishapona nitaacha, na hatajua, na Mungu ni mwingi wa rehema.

Siku ya tisa nilimkuta amesimama. Ameoga, amevaa nguo nyeupe, amejishikiza ukutani kwa mkono mmoja. Nilipoepua dengu hakungoja nimpakulie. Alichukua kibakuli kidogo cha shaba, akachota za kwanza, akaenda nazo taratibu kwenye kona alikoweka picha ya Mungu wake na taa ya samli. Hapo nikakumbuka. Alipokuwa mzima, hakuna chakula kilichopita mdomoni mwake kabla hajakitenga pale. Maradhi ndiyo yaliyokuwa yamemzuia.

Mimi ni Mwislamu, picha ile kwangu haikuwa kitu. Lakini yeye alikuwa anakwenda kumshukuru Mungu kwa uzima wake, na alichobeba mikononi ni uongo wangu.

"Mama, usiweke!" nilipiga kelele. "Usiweke hicho!"

Aligeuka. Nikamwambia yote, nimepiga magoti, pindo la kanga limejaa machozi na bado linanuka samaki.

Hakunitukana. Laiti angenitukana! Alikalia kigoda polepole, akauliza, "Siku ngapi?"

"Tano, mama. Kati ya tisa, tano."

"Nilikuwa naongea," alisema. "Homa ilinibana, lakini mdomo nilikuwa nao. Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ndiyo," alisema. "Ningekataa."

Akaibeba sufuria mwenyewe mpaka ziwani, miguu inamtetemeka, akaisugua kwa mchanga na majivu mpaka jua likashuka. Nilitaka kumshika mkono, akautoa. Tangu siku hiyo alijipikia mwenyewe. Na nguvu hakuwa nazo: siku nyingine alikula ndizi tu, siku nyingine hata hiyo hakula, na homa ikamrudia mara mbili. Mimi nilibaki uani kwetu, kila asubuhi nachungulia kama jiko lake linatoa moshi. Ukichelewa, moyo ulinipasuka. Mama mkwe alisema yule mama hana shukrani. Nilimjibu vibaya, mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu, naye akaninunia mwezi mzima.

Hakufa. Mumewe alirudi kwa miguu, ameifuata pwani yote kutoka kusini, vidonda mpaka magotini, na dawa kubwa ikawa hiyo. Baadaye wakaamua kufunga duka wahamie Usumbura, karibu na boma.

Siku ya safari yao niliamka alfajiri. Dengu nilikuwa nimezinunua kwa mumewe, kutoka akiba yao wenyewe, na mvuje pia. Nilinunua chungu kipya sokoni, hakijaonja moto. Kanga safi, majivu, maji matatu, hakuna sharti nililoruka, na mama mkwe nilimkataza asikaribie hata kivuli chake. Nikafunika chungu kwa jani la mgomba, nikampelekea njiani, wapagazi wameshajitwika mizigo.

Alilifunua jani. Aliinama akanusa, akafumba macho. "Mvuje umeupatia," alisema. "Umejua kupika, mwanangu."

"Mama, nisamehe. Safari hii hakuna kitu. Naapa hakuna."

Alilirudisha jani juu ya chungu, akalibana vizuri pande zote ili chakula kisipoe. Kisha akanishika shavu kwa kiganja chake.

"Nimekusamehe zamani," alisema. "Kula ndiyo siwezi."

Akawafuata wapagazi. Nilibaki njiani na chungu mikononi, bado cha moto.