Mke Mwenzangu, R na Pweza wa Kisiwa Panza

Siku mume wangu aliponiambia kwamba kaoa mke wa pili, sikumuuliza kama mzuri au mbaya. Nilimuuliza kasoma mpaka wapi. Akainama, akatazama vidole vyake, akasema ana shahada, tena ya takwimu, na anafanya kazi ofisi ya serikali Chake Chake. Hapo ndipo nilipoumia. Uzuri nao unachakaa, lakini shahada? Mie wakati ule nilikuwa mwalimu wa sayansi mwenye stashahada, nimetulia mtaani kwetu Jadida, hapa Pemba, na wanangu, nikijiona ndiye mwanamke msomi wa mtaa mzima. Kumbe kuna mtu huko Vitongoji kanizidi elimu, na juu yake kapewa nusu ya mume! Nikaapa, na mie nikiapa siapi kwa mchezo, kwamba nitasoma mpaka nimpite.

Nikasoma kweli. Shahada ya kwanza niliimaliza nikiwa na mimba ya mwanangu wa mwisho, miguu imevimba, nafanya mtihani nimevua viatu. Sikupumzika, nikaingia ya pili, kwa chuo kimoja cha bara kinachofundisha watu wakiwa makwao. Utafiti wangu ulikuwa wa pweza. Watu wa Kisiwa Panza walikubaliana kufunga sehemu moja ya mwamba wao wa baharini kwa miezi kadhaa, asiingie mtu kuchokoa mapangoni, ili pweza wakue, halafu mwamba ufunguliwe. Swali langu lilikuwa dogo tu: baada ya kufungua, mtu anapata pweza wengi zaidi kuliko awali, au ni maneno? Ukiwauliza wenyewe wanakuonesha ndoo iliyojaa. Lakini chuo hakitaki ndoo, kinataka takwimu.

Nikazikusanya mwenyewe, sikutuma mtu. Kabla mwamba haujafungwa nilikuwa nakwenda siku ambazo akina mama wachokoaji wa huko wameniita. "Mwalimu, njoo kesho kutwa," wananiambia kwa simu, nami navuka, natembea nao mwambani, mawe yananikata nyayo, kila pweza anayetoka pangoni nampima na kumwandika. Mwamba ulipofunguliwa, msimamizi wangu akabadilisha utaratibu. Alikuwa bwana mpole wa kutoka nyanda za juu, anayeongea taratibu kama anayehofia kumwamsha mtoto. Alisema utafiti hauendi kwa kuitwa, unakwenda kwa mpangilio. Akanitaka niende kila baada ya siku kadhaa bila kuruka, iwe iwavyo. Nikatii, maana ndiye mwenye kalamu.

Kisha ikaja hiyo R, programu ya kompyuta ya kuchambulia takwimu. Uchambuzi wote ulitakiwa ufanywe kwa R. Sijapata kuona programu yenye jina la herufi moja ikawa na kiburi kiasi kile. Unaandika mstari wako kwa adabu, unabonyeza, inakujibu kwa maandishi mekundu kwamba kitu ulichokitaja hakipo. Hakipo vipi, nami nimekiona sasa hivi kwa macho yangu? Kumbe umemwandika pweza kwa herufi ndogo, na kwenye jedwali yuko kwa herufi kubwa. Kwa R hao ni pweza wawili wasiojuana. Ukisahau kufunga mabano, inakaa kimya inakusubiri, nawe unaisubiri, kila mtu anamngoja mwenzake mpaka chai inapoa. Niliomba msaada kwenye makundi ya mtandaoni. Bando langu likaisha nikijibiwa kwa Kiingereza cha haraka haraka kwamba nikasome maelekezo kwanza. Maelekezo gani, jamani, na mie ndiyo yaliyonifikisha huko?

Nikajikaza kisabuni, nikapata wastani wangu. Afadhali nisingeupata. R ilisema kwamba baada ya kufungua mwamba, watu wanapata pweza wachache kuliko kabla. Nilirudia, nikarudia tena, jibu lile lile. Nikampelekea msimamizi, naye kwa upole wake ule ule akaniandikia kwamba kuna mambo mawili: ama kufunga mwamba hakusaidii kitu, ama takwimu zangu za mwanzo zimepikwa, kwa sababu ni nzuri mno. Kama sitakuwa na maelezo kabla ya kikao cha kutetea tasnifu, jina langu litaondolewa chuoni.

Zimepikwa! Mie, niliyetoka na damu kwenye nyayo! Nililia kwa hasira, wala sioni haya kusema. Mume wangu alikuwa pale mezani na kikombe chake, akasema kama anayezungumzia bei ya muhogo, "Si umuulize mwenzio? Hiyo R ndiyo kazi yake." Nilimtazama mpaka akakiweka kikombe chini.

Lakini neno lilishaingia sikioni. Nilikaa nalo, nikapika nalo, nikasahihisha madaftari ya wanafunzi nalo. Miaka yote ile mie na yule mwanamke tulikuwa tukionana kwenye misiba tu, salamu ya mdomoni, basi. Tena yeye chama chake na mie changu, na katika miaka hii ya vyama vingi Pemba tumeshuhudia ndugu wa tumbo moja wakisusiana hata maziko kwa jambo hilo. Nikaona hata hivyo, kuliko kuitwa mwongo na chuo kizima, bora nionekane mnyonge mbele ya mtu mmoja.

Sasa kwenda kwake kulikuwa na utaratibu wake. Mume alikuwa na zamu, kwangu na kwake, na mke hendi kumgongea mwenzake mlango wakati zamu si yake. Watu watasema kaja kumfuata mume. Kwa hiyo nilichagua Jumamosi ya zamu yangu. Nikamwachia bwana watoto na sufuria la maharage, nikamwambia, "Mie nakwenda kwa mkeo." Laiti ungemwona uso! Alitaka kunifuata, nikamwambia akae, maharage yataungua.

Alinifungulia mlango mwenyewe, kashika mwiko. Akanitazama, akatazama begi la kompyuta, akasema, "Shikamoo, Bi Mkubwa. Kuna msiba?"

"Marahaba. Hakuna msiba. Nina shida."

"Ya huyu mtu wetu?"

"Angekuwa huyu ningemmaliza mwenyewe. Ni R."

Akacheka mpaka mwiko ukadondoka. Ningekasirika, lakini kilikuwa kicheko cha mtu aliyepumua. Akanikaribisha ndani, akanitilia chai, nami nikamweleza yote, mpaka neno la kupika. Hapo akaacha kucheka. Akakunja mikono ya kanzu yake, akasema, "Kapika nani? Wewe? Wewe ambaye mume akija huku ananambia wali wa kwako unaungua kila siku?" Mie nikataka kunyanyuka. Akanishika mkono. "Kaa. Nataka kusema wewe si mtu wa kupika kitu. Hebu fungua faili."

Nilikwenda Jumamosi kadhaa kila zamu ikiwa yangu. Kufundisha anajua, nakiri, na mie ni mwalimu, si rahisi kunidanganya kwenye jambo hilo. Hakunishikia kompyuta hata mara moja. "Andika wewe," anasema, "mie nikikuandikia, kule kwenye kikao utakuja kuniita?" Nikikosea ananiacha nigombane na yale maandishi mekundu, kisha ananiuliza taratibu R imelalamika mstari wa ngapi. Nilijifunza kwamba yale matusi mekundu si matusi, ni maelezo, na nilikuwa siyasomi kwa sababu ya hasira. Nikajifunza kuchora. Nikajifunza kuandika amri zangu zote katika faili moja ili kesho zifanye kazi tena bila kubahatisha. Alinisifu siku hiyo, nami nikaona aibu jinsi nilivyofurahi.

Lakini jibu lilikuwa lile lile. Tulichora pweza wote kwa tarehe, vinukta vikatawanyika skrini nzima kama mtama uliomwagwa kuku. Yeye naye alikwama. Alijaribu njia hii, akajaribu ile, akasema huenda ni hali ya hewa, huenda ni wachokoaji wenyewe kubadilika. Mie nilikuwa nimeshaanza kufunga begi.

Akaweka kidole kwenye kinukta kimoja, chini kabisa. "Siku hii hamkupata kitu kwa nini?"

"Si ndiyo maji mafu hayo!" nikamjibu. "Mwamba wenyewe haukutoka majini. Tungepata nini?"

"Na hii ya juu?"

"Bamvua. Maji yalikwenda mbali, tulitembea mpaka tukachoka."

Akapandisha jedwali, akalishusha, akalipandisha tena. "Bi Mkubwa, hayo ya bamvua na maji mafu umeandika wapi?"

"Niandike ya nini? Nani asiyejua?"

Tukatazamana. Yeye mtoto wa Vitongoji, baba yake mvuvi; mie mtoto wa pwani, nimezaliwa nikisikia maji yakijaa na kutoka. Tunajua bamvua kama tunavyojua kwamba usiku kuna giza, na mtu haandiki kwenye jedwali kwamba usiku kulikuwa na giza. Akina mama wa Panza walikuwa wakiniita siku za bamvua tu, maana siku nyingine hawana shughuli mwambani. Kwa hiyo takwimu zangu za kwanza zote zilikuwa za siku nono. Kisha akaja bwana wa milimani na mpangilio wake, nikaenda bamvua na maji mafu bila kuchagua, na wastani ukaporomoka. Mwamba haukuwa na kosa lolote. Tulikuwa tunapima siku ya karamu kwa siku ya njaa.

"Kompyuta haijui bamvua!" alipiga kelele mwenzangu.

"Na msimamizi naye hajui!" nikapiga kelele mie. Tulicheka, tukashikana mabega, tukacheka tena, mpaka jirani akapiga hodi kuuliza kuna nini.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya raha. Tukaongeza safu mpya kwenye jedwali: kila tarehe, mwezi wa angani ulikuwa na umri wa siku ngapi, maana bamvua na maji mafu hufuata mwezi. Yeye alijua hesabu yake kwa R, na mie nilikuwa nakagua kwa siku nilizozikumbuka vizuri, mwezi mosi wa Ramadhani, na siku ya Idi ambayo nilikuwa mwambani asubuhi iliyofuata. Zikaoana. Nikachora upya, kwa mkono wangu. Vile vinukta vilivyokuwa mtama wa kuku vikajipanga, vikapanda kwenye mwezi mwandamo, vikashuka, vikapanda tena kwenye mwezi mpevu. Kisha nikalinganisha bamvua na bamvua, maji mafu na maji mafu, kabla ya kufungwa na baada ya kufunguliwa. Mstari wa baada ya kufunguliwa ukakaa juu ya mwenzake kuanzia mwanzo hadi mwisho, haukuugusa hata mahali pamoja. Nilisujudu pale pale sakafuni kwa mke mwenzangu, nikamshukuru Mungu.

Kwenye kikao tulikwenda wote wawili. Mume tulimwachia watoto wa nyumba zote mbili, akatusindikiza hadi bandarini kimya kama anayesindikiza ujumbe wa serikali. Ukumbi wa chuo ulikuwa na baridi ya viyoyozi, wazee wa jopo wamekaa mbele na msimamizi wangu pembeni. Nikaonesha mchoro. Nikaeleza bamvua kwa watu wa bara, polepole, kama ninavyowaeleza watoto wa darasa la tano. Nikaona msimamizi anaacha kuandika, anatazama ukutani mdomo wazi. Kisha mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani, akasema kwamba hii safu ya umri wa mwezi ndiyo iliyoiokoa kazi nzima. Akauliza, "Uchambuzi huu ulisaidiwa na nani?"

Ulimi ulikuwa tayari kusema "mtaalamu mmoja." Hakuna ambaye angejua. Ile shahada niliifuata miaka yote hiyo ili nimpite mtu mmoja, na mtu mwenyewe alikuwa amekaa kiti cha nyuma kabisa, kajifunga buibui lake, ananiombea dua midomo inamcheza.

"Mke mwenzangu," nikasema.

Mwenyekiti akavua miwani. "Unamaanisha mfanyakazi mwenzako?"

"Hapana. Mume wetu mmoja. Yule pale nyuma. Amri zote nimeandika mwenyewe na ulizeni lolote nitajibu, lakini aliyenifundisha kuziandika ni yeye, na bila yeye mngeniita mwongo mpaka leo."

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Kwanza kicheko, halafu, sijui nani alianza, makofi. Waliniuliza maswali mpaka wakachoka wao. Wakatutoa nje wajadiliane, na tulipoitwa tena ndani, mwenyekiti alisimama kunipa mkono, akasema nimefaulu, na msimamizi akasema mbele ya wote kwamba neno lile la kupika analifuta. Mwenzangu alipiga vigelegele ndani ya jengo la chuo, askari wa mlangoni akaja mbio.

Huko nje nikampigia mume. Nilisikia watoto wanalia, na sauti yake imechoka. "Haya, niambie," akasema, "nani kashinda?"

"Wake zako," nikamwambia.

Akauliza tunarudi na meli ya lini.