Miguu ya Tata Ilivyoisha

Baba yetu tulimwita Tata, kama Wagusii wote wanavyowaita baba zao. Alikuwa mpasua mbao. Kabla ya Uhuru alifanya kazi katika shamba la mzungu huko Nyansiongo, akivuta msumeno mrefu wa watu wawili, yeye juu ya gogo na mwenzake ndani ya shimo. Mashamba yalipogawanywa alipata kipande chake, akapanda mahindi na chai kidogo, akafuga ng'ombe watatu. Msumeno hakuuacha. Mapaja yake yalikuwa manene hata suruali za dukani zikawa hazimwingii. Mama alimshonea zake kwa cherehani ya jirani.

Nami ndimi niliyekuwa msimamizi wake wakati miguu hiyo ilipoisha.

Nilikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa sare ya zahanati. Nilisomea uuguzi msaidizi kwa muda mfupi, kisha nikapata kazi upande wa Nyamache, nikiosha vidonda na kupima joto la wagonjwa. Miaka ya sabini ilikuwa imeanza tu. Kijijini mtu akikohoa, mama yangu aliniangalia mimi kwanza kabla ya kusema lolote, na mimi nilifurahia kuangaliwa hivyo.

Tata alianza kwa maumivu chini ya mbavu za kulia. Mjini Kisii daktari alimpapasa tumbo kwa muda mrefu, akamtuma Nairobi kwa vipimo. Alirudi na barua iliyosema ni kansa ya ini, na kwamba haiwezi kukatwa. Ilikuwepo sindano ambayo ingeweza kuipunguza kasi, moja kila baada ya wiki tatu, na angeipata papo hapo Kisii. Niliomba ruhusa kazini nikarudi nyumbani kumtunza.

Baada ya sindano ya kwanza alitapika siku mbili. Hapo nikatoa amri zangu. Asile mayai, asile nyama, maharagwe wala maziwa yenye mafuta. Apewe uji mwepesi na maji ya glukosi. Na asitoke kitandani. Niliwaambia kwamba ini limechoka, tusilitwike mzigo mwingine. Maneno hayo niliyasikia darasani, tukifundishwa habari za ugonjwa mwingine kabisa, na hata huo sikuwa nimeuelewa vizuri. Barua ya Nairobi haikusema neno juu ya chakula. Sikuuliza.

Siku moja mama alichinja kuku. Akasonga ugali wa wimbi, akapika saga, mboga yetu ya majani machungu, akapanga vyote kwenye sinia na kuanza kuelekea chumbani. Nilimzuia mlangoni.

"Mama, rudisha."

"Ameomba mwenyewe," alisema. "Jana usiku kucha ananiambia tumbo linamuuma kwa njaa, si kwa ugonjwa."

"Kati yangu na wewe, nani amesoma?"

Aligeuka na sinia lake. Kisha akarudi jikoni. Kuku yule tulimla sisi, na harufu yake ilifika kitandani kwa Tata, maana nyumba yetu ilikuwa ndogo.

Yeye mwenyewe hakubishana. Asubuhi aliposikia ng'ombe wakilia alikuwa akisema, "Niache nikakamue mmoja tu, huyu mweusi ananijua." Nami nilimjibu, "Lala, Tata. Nguvu zako ziweke akiba." Akalala. Wageni walipokuja kumwona aliwaambia kwa fahari, "Daktari wangu amenikataza kuamka," akininyooshea kidole. Mpaka leo, katika yote, hilo ndilo ninaloshindwa kulikumbuka nikiwa nimetulia.

Kila tulipokwenda kwa sindano walimpima uzito, na kila mara mizani ilionyesha vilevile, au zaidi kidogo. Niliona amri zangu zinafanya kazi. Mama ndiye aliyesema, akimvisha suruali, kwamba kiunoni haifungi na miguuni inapepea kama bendera. Nilimwambia ni uvimbe wa dawa, utashuka. Tumbo lilikuwa limejaa maji. Maji yalipanda, nyama ikashuka, na mizani ikavijumlisha vyote viwili.

Asubuhi moja ya Sabato, mama akiwa anajiandaa kwenda kanisani, Tata aliketi kwenye kigoda mlangoni aote jua. Alipotaka kuinuka, hakuweza. Alijaribu mara ya pili, akaweka mikono magotini, akasukuma. Kisha akanitazama kwa mshangao, kama mtu aliyefika kwake akakuta mlango umefungwa kwa ndani. Nilipitisha mkono chini ya paja lake ili nimwinue. Kiganja changu karibu kililizunguka paja lote.

Kanisani hakwenda mtu siku hiyo. Jumatatu tulimbeba hadi Kisii.

Daktari alikuwa mtu wa pwani aliyezungumza Kiswahili laini. Hakwenda kwenye mizani. Alimfunua Tata miguu, akaibonyeza, akamwambia ainuke kwenye kiti bila kushika. Tata hakuweza. Daktari akavuta kiti chake karibu nasi.

"Sindano leo hatumpi," alisema. "Mwili huu hauna pa kuipokelea. Ugonjwa wa ini hula misuli, na mtu asipokula wala kutembea, misuli huisha upesi zaidi. Alipaswa ale kila alichoweza, mayai, maziwa, maharagwe, na atembee kila siku. Nani alimwambia alale? Nani alimnyima chakula?"

Mama hakujua Kiswahili zaidi ya cha sokoni. Kazi ya kutafsiri ilikuwa yangu. Alinitazama akingoja nimweleze daktari amesema nini.

Nilisema, "Ni nyumbani, daktari. Mama alimhurumia, akaona heri alale na ale kidogo."

Daktari akamgeukia mama, akamkaripia. Hakupaza sauti, na hilo lilizidisha ubaya. Alimwambia kwamba huruma bila maarifa huua. Kisha akaniambia nimtafsirie. Nikatafsiri kwa Kigusii neno kwa neno. Nilimkaripia mama yangu kwa kosa langu, kwa kinywa changu mwenyewe.

Alisikiliza mpaka mwisho, mikono kwenye shuka lake. Akasema, "Mwambie nimesikia."

Tata alikuwa amelala pale pale kwenye kitanda cha magurudumu. Kiswahili alikijua kuliko mimi. Alikizungumza miaka mingi shambani kwa mzungu. Alifumba macho.

Njiani mama alimfunika Tata miguu kwa shuka lake. Jioni nilimfunika Tata blanketi, naye akanishika mkono akasema, "Kesho utanisaidia nikakamue yule mweusi." Basi.

Tulifanya alivyosema daktari. Mama alimlisha yai asubuhi, maziwa, wimbi, maharagwe yaliyopondwa, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Nilimshika mikono akainuka na kuketi, akainuka na kuketi, akiwa ameegemea nguzo ya zizi. Baada ya mwezi aliweza kufika kwa ng'ombe akitembelea fimbo, na siku mbili tatu alikamua kikombe kizima. Lakini sindano hazikuanza tena. Mvua za masika zilipokaza alishikwa na homa ya mapafu. Hakuwa na nguvu ya kukohoa. Alifariki mchana, mama akimsugua miguu.

Daktari aliniambia baadaye kwamba kansa ile ingemshinda hata angekuwa na miguu yake ya zamani. Nilimwuliza kama angepata miezi zaidi, ya kutembea. Alikunja karatasi zake kabla ya kujibu. "Labda," alisema.

Kwenye mazishi, shangazi yangu, dada yake Tata, alisimama mbele ya watu akasema ndugu yake amekufa kwa njaa nyumbani kwa mke wake. Habari za karipio zilikuwa zimemfikia, sijui kupitia nani. Nilifungua mdomo. Mama, aliyeketi ubavuni mwangu, alinibana mkono chini ya shuka. "Nyamaza," alininong'oneza. "Wewe una kazi. Watu wataogopa kutibiwa na wewe." Nikanyamaza.

Shangazi hakukanyaga kwetu kwa miaka minne. Mwishowe nilikwenda kwake nikamwambia yote, tangu sinia la kuku mpaka tafsiri yangu. Alisikiliza akimenya ndizi, kisu hakikusimama. Nilipomaliza aliuliza, "Mama yako anajua kwamba umekuja?"

"Hajui."

"Basi umeniambia mimi kwa kuwa mimi ni rahisi."

Sabato iliyofuata alikuja kwetu, akamsalimia mama, akaomba chai ya maziwa. Wakaketi wakizungumza habari za mvua. Mimi nilikuwa jikoni nikichochea moto. Sentensi ya kumwungamia mama kosa langu nilikuwa nimeipanga kwa Kigusii, fupi, rahisi. Mama aliishi miaka tisa baada ya siku hiyo, na sikuisema.