Maua Mpaka Darini

Juzi nilikuwa dukani Ngamiani, nasubiri kupimiwa rangi. Kando yangu binti wa miaka kumi na mbili hivi amekumbatia karatasi za rangi na gundi. Anataka kukata maua apambe chumba chake.

Mama yake akamnyang'anya, akazirudisha kaunta. "Utanichafulia ukuta! Chumba cha mtoto wa kike hupambwa akiolewa."

"Chako kilipambwa, mama?"

"Haswa! Maua mpaka darini."

"Sasa yako wapi?"

Mama akaurekebisha mtandio wake. "Yalikuwa ya kukodi. Fungate ilipokwisha, mpambaji akaja kuyabandua."

Ndio sisi hao. Binti akikata maua yake mwenyewe, anachafua ukuta. Akilala wiki moja chini ya maua ya watu, tunampigia vigelegele.