Helmeti Mbili Mezani

Mume wangu alirudi nyumbani Jumamosi moja na mdomo uliopasuka, akaniambia amegongwa na nywele. Nilimwangalia tu. Mimi nina saluni Mwiki, nimeshika nywele maisha yangu yote ya utu uzima, na sijawahi kuona nywele zikimpasua mtu mdomo. Nilijua kuna mtu aliyempiga ngumi, na nilijua pia kwamba wanaume wa umri wake hawapigwi ngumi bure. Nikampa maji ya chumvi asukutue, nikanyamaza, nikaanza kuchunguza.

Kazi yake ni kuruka na watu kutoka kwenye ndege. Kuna kiwanja kidogo ukishapita Thika, na wikendi watu huja pale kusherehekea siku ya kuzaliwa kwa kufungwa kifuani mwa mtu wasiyemjua na kutupwa angani. Mtu huyo wasiyemjua ni mume wangu. Abiria anakaa mbele, mwalimu, yaani mume wangu, nyuma, na parachuti iko mgongoni mwa mwalimu. Nilipokubali kuolewa alikuwa fundi wa ndege. Hayo mengine yalikuja baadaye, kidogo kidogo, nami nikawa wa mwisho kuyajua.

Wiki iliyofuata nilifunga saluni mapema, nikaenda kiwanjani bila kumwambia. Nilitaka kuziona hizo nywele. Nikakuta abiria wake wa siku hiyo, msichana wa chuo kutoka Juja, rasta zake zimekusanywa utosini fundo kubwa, na fundo lenyewe limezungushiwa shanga za mbao. Kila abiria hupewa kofia laini ya ngozi avae. Msichana aliishika kwa vidole viwili.

"Aki mimi siwezi vaa hii. Nimesukwa jana."

Hakuna aliyembishia. Huku kwetu kichwa kikishasukwa hakiguswi, awe ni daktari au ni nani. Nina mteja wa Githurai ambaye hulala ameketi kwenye kochi ili fundo kama lile lisilale upande. Nikaelewa basi. Parachuti ikifunguka, wale wawili husimamishwa ghafla, kichwa cha abiria hurudi nyuma kwa nguvu, na mdomo wa mwalimu uko pale pale unangoja. Kwa hiyo ngumi haikuwepo. Niliona haya kidogo, lakini shaka yangu haikuondoka, ilibadilisha kiti tu.

Midomo ya kutosha ilikuwa imepasuka pale kiwanjani, kwa hiyo bosi wao akaamua kuwanunulia walimu helmeti mpya. Kila mmoja alipewa mbili za kujaribu nyumbani. Moja ilifunika uso wote, ina kioo cha macho na ukingo mgumu mbele ya kidevu. Nyingine ilikuwa wazi mbele, inafunika utosi na masikio. Mwalimu azijaribu, aseme anayoitaka, iagizwe. Kwangu jibu lilikuwa wazi kama mchana: mtu aliyepasuliwa mdomo achukue ya kufunika mdomo.

Yeye alitaka iliyo wazi.

"Abiria anataka kuona sura yangu," akasema. "Akinipata nimejifunika kama mwizi wa benki ataogopa."

"Abiria yuko mbele, wewe uko nyuma. Atakuona na kisogo?"

Akacheka. Kesho yake sababu ikawa joto. Kesho kutwa ikawa kioo kinashika ukungu. Mtu mwenye sababu moja namwamini, lakini mwenye sababu tatu namfuata hadi jikoni. Nikaanza kukumbuka mambo. Alikuwa amekataa nimwoshe kichwa saluni, kwenye lile sinki ambalo mtu hulaza shingo, akisema maji ni baridi. Akirudisha gari nyuma alikuwa anageuza mwili mzima. Kufunga kamba za viatu alikuwa anapandisha mguu juu ya kiti. Yote hayo nilikuwa nimeyaona na kufikiria mwanamke, maana mimi nikishindwa kuelewa kitu hufikiria mwanamke.

Jumapili, baada ya kanisa, alinifunga kwenye mikanda. Ndivyo tulivyozoea. Walimu hufanya mazoezi ya kugusa mipini ya parachuti, na yeye huyafanya sebuleni kwetu hapa Ruiru, kwa mikanda ya zamani ambayo hairuki tena. Mimi ndiye abiria. Ananifunga mbele yake mabegani na kiunoni, tunainama kidogo tukielekea televisheni iliyozimwa, kisha anataja kila mpini, anautazama, anaugusa. Sheria yao ni kutazama kwanza na kushika baadaye, kwa sababu huko juu nguo za abiria hupeperuka kila mahali na mkono hudanganyika. Mpini mwekundu, kifuani upande wa kulia, ndio wa kuitupa parachuti iliyoharibika. Ukiukosa huo, ile ya akiba inaweza kufunguka ikajisokota na ile mbovu, na hapo hakuna wa kuja kusimulia.

Alianza na helmeti ya kufunika uso. Alikwenda haraka haraka, mkono wake ukipita mbavuni mwangu na kurudi.

"Umeona? Huu ukingo unanizuia kuona chini. Ndiyo maana siitaki."

Hiyo ilikuwa sababu ya nne, na ilikuwa na akili kuliko zote. Ndiyo maana sikuiamini.

"Sawa. Vaa hiyo ingine tuone."

Akavaa iliyo wazi. Hapo hakukuwa na ukingo wa kumzuia mtu. Alipokuwa akihangaika na kamba ya kidevu, nilivuta taratibu pindo la sweta niliyovaa, nikalikunja na kulilaza juu ya mpini mwekundu. Mtu anayetazama angeona sweta ya buluu na kuisukuma kando.

"Anza," nikasema.

Miaka yote ya mazoezi hayo, akitazama chini nilikuwa nahisi kidevu chake kikishuka begani mwangu na pumzi yake ikinigusa sikio. Siku hiyo kidevu hakikushuka. Pumzi yake ilipita juu ya kichwa changu ikaenda zake ukutani.

"Mpini mwekundu," akasema. "Nimetazama. Nimeshika."

Akavuta. Sweta ikanikaba koo.

"Umeshika nini?"

"Mpini."

"Umeshika sweta yangu, baba watoto."

Vidole vyake vilianza kuipapasa ile sufu, polepole, hadi vikaitambua. Niliogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa mwanamke yeyote. Jumamosi alikuwa na abiria. Mtoto wa watu, pengine niliyemsuka mimi mwenyewe, angefungwa pale nilipokuwa nimefungwa, na angemwamini.

"Tangu lini?"

"Ile siku ya mvua, parachuti ilifunguka vibaya. Nikiinamisha shingo inakataa. Nilifikiri itapoa, na kwamba bila ule ukingo macho yangefika chini."

"Na wewe unaendelea kubeba watu!"

"Nikisema watanitoa."

"Watakutoa wapi?"

"Huko juu," akasema.

Nilishikwa na hasira. Nilitaka kugeuka nimzabe kofi, halafu nimkumbatie, lakini nilikuwa nimefungwa kifuani mwake na uso wake haukufikika. Machozi yalinitoka nikiwa naitazama televisheni.

Simu yake ikalia mezani, kando ya ile helmeti nyingine. Tulisogea pamoja hatua kwa hatua, nikaichukua. Alikuwa ni bosi wao. Nikaweka spika.

"Habari mama. Huyo mzee wako amechagua gani? Kesho naagiza."

Niligeuza kichwa nilivyoweza, lakini sikumwona. Ningeweza kusema mimi. Nilikuwa na kila neno tayari mdomoni, na yeye alijua hivyo, kwa maana nilihisi mkono wake ukiikaza tena sweta yangu.

"Yuko hapa," nikasema. "Ngoja akuambie mwenyewe."

Bosi akaita "halo, halo", akidhani laini imekatika. Kisha sweta ikalegea.

"Boss," mume wangu akasema juu ya kichwa changu, "usiniagizie yoyote. Na huyo abiria wa Jumamosi mpe mtu mwingine. Shida si helmeti. Shingo yangu haiinami."