Tiki Arobaini na Nane za Seva ya Saba

Katika ofisi ya usajili wa viwanja kila mtu alimwita Mzee Mkono, jina alilojipa mwenyewe kisha akadai amepewa na watu. Kwa miaka kumi na tisa alizitunza seva nane za ofisi. Kila mwisho wa mwezi alizipitia moja moja kuzitia viraka, yaani yale marekebisho ya programu yanayoziba matundu wanamopitia wezi wa mtandaoni. Akimaliza moja, anaweka tiki kwenye daftari lake jeusi. Daftari hilo lilikuwa kwapani hata akienda chooni. Likizo hakuchukua, maana seva, kwa maneno yake, hazikubali mkono wa mwingine, na mkewe alishazoea uke wenza na mashine nane.

Ndipo fundi mwenzake, mama mmoja mpole asiyepoteza maneno, alipoandika programu ya kuifanya kazi hiyo yenyewe. Inahifadhi nakala kwanza, inatia kiraka kwenye seva moja, inaipima, na ikiridhika ndipo inahamia nyingine. Ikikuta kasoro inasimama na kurudisha kila kitu kilivyokuwa.

"Mashine itibu mashine?" Mzee Mkono alicheka. "Mganga hajigangi, mama."

Lakini bosi alitangaza kwamba Jumatatu programu itajaribiwa mbele ya wote. Ikifaulu, Mzee Mkono angehamia masjala, akapange mafaili na kupiga chafya mpaka astaafu. Hilo lilimkata maini. Hata hivyo, Jumatatu asubuhi alivaa koti la harusi.

"Mama watoto, leo wanaumbuka," alimwambia mkewe.

"Nani hao, baba?"

"Si hao wenye programu."

"Haya," alisema mkewe, akaendelea kukunja nguo.

Mkutanoni, fundi alieleza kwamba kabla ya kugusa chochote programu huzikagua seva zote na kuuliza kila moja ilitiwa kiraka lini. Majibu yakapanda ukutani kwa projekta. Ya kwanza, mwezi uliopita. Ya pili, vivyo hivyo. Mzee Mkono alivimba kichwa. Ikafika ya saba, ile yenye hati zote za viwanja: miaka minne iliyopita.

Bosi alinyoosha mkono, akapewa daftari. Akafunua taratibu, akihesabu. Kwa miaka hiyo minne seva ya saba ilikuwa na tiki arobaini na nane, zimenyooka vizuri, hata moja haikukosekana. Za mwizi ni arobaini. Huyu alishaongezewa nane za bure.

"Mzee, hii ni nini?"

Mzee Mkono alitazama viatu vyake. Koti lilimbana ghafla.

"Bosi, seva ya saba iko ofisini kwako," alisema. "Uliihamishia kule kwa ajili ya kiyoyozi. Nilibisha mara ya kwanza ukasema una wageni. Mara ya pili ukasema una simu. Mara ya tatu hukusema kitu, ulinitazama tu. Baada ya hapo nikawa naweka tiki."

Hakuna aliyecheka, ingawa wengi walitamani. Karibu kila mmoja pale alikuwa na tiki yake ya uongo iliyotokana na mlango uleule.

Bosi alikohoa. "Sasa hiyo ya saba itabidi izimwe?"

"Dakika ishirini," alisema fundi.

"Leo nina wageni. Iambieni programu iiruke."

"Inaweza kuiruka, bosi. Ila kwenye ripoti itaandika imeiruka, na kwa amri ya nani. Na ripoti inakwenda makao makuu."

Bosi akatafuta mtu wa kumtazama kwa lile jicho lake. Programu haina macho, fundi alikuwa anasoma skrini.

Mzee Mkono alisimama. Alijua masjala inamngoja kwa vyovyote, na kwa aibu yake yote, alijisikia mwepesi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Akaliacha daftari mezani, akafuata korido mpaka ofisi ya bosi, kuizima ile ya saba. Mlango ulikuwa wazi na ndani hamkuwa na mtu. Akaliweka sawa koti lake, akabisha hodi, akasubiri kidogo, ndipo akaingia.