Miduara ya Majivu na Mnyara

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu karibu na Mungaa, simba wa porini hawakututisha sana, maana hakuna aliyewahi kuwaona. Tuliowaogopa ni watu-simba, na hao kila mtu alimjua mmoja. Mtu-simba alikuwa binadamu kama wewe. Anakusalimia, anakula ugali wa mtama, kisha mchawi anamvika ngozi na kumtuma. Mkigombana na jirani wiki hii, wiki ijayo mbuzi wako asionekane, basi umeshajua nani wa kumtazama vibaya.

Nikiwa darasa la tano akaletwa msichana aitwaye Udahoda. Alikuwa Mbarabaigi, baba yake mfugaji aliyehamia na ng'ombe ng'ambo ya korongo letu. Kuzunguka macho yake kulikuwa na chale za miduara, desturi ya kwao. Sisi tukaelewa mara moja: pale ndipo ngozi ya simba inaposhonewa. Aliyesema hivyo wa kwanza ni mimi. Nasema mapema ili usihangaike kumtafuta mwingine.

Dawati lake likawa la mtu mmoja, wakati wengine tulibanana wanne wanne. Mwalimu Rehema, mwalimu wetu wa darasa, alipochoka kutubembeleza akatangaza siku ya utamaduni. Kila mmoja alete wimbo, chakula au mchezo wa kwao: Mnyaturu, Mnyiramba, Mgogo, Mbarabaigi. Tulijua ni kwa ajili ya nani. Baba yake Udahoda alikuwa amefika shuleni na fimbo yake, sisi tumejazana dirishani tukisikiliza.

"Mwalimu, nakupa mpaka siku hiyo," alisema. "Mtoto akirudi tena nyumbani amenyamaza, atachunga. Ng'ombe hawamkimbii."

Mimi nikapangiwa vichekesho, maana hata wakati huo mdomo wangu ulikuwa haufungwi. Baada yangu angeimba Udahoda.

Asubuhi ya siku yenyewe bibi yangu, mama yake baba, alinikuta nyuma ya ua nimevunja tawi la mnyara. Mnyara ni ule mti wa ua wenye utomvu mweupe, na kila mtoto wa kwetu anajua kwamba utomvu ule unaunguza. Hata mimi nilijua. Lakini majivu matupu niliyojichora kuzunguka macho yalikuwa yanadondoka nikitoa jasho, na simba anayedondosha majivu si simba tena, ni jiko. Nikaona matone mawili ya mnyara ya kuyagandisha hayataniua.

"Unafanya nini?"

"Najipamba, bibi. Leo naigiza mtu-simba."

Akabadili lugha, akasema kwa Kinyaturu, kama alivyofanya siku zote akiwa hana mchezo. "Mtu-simba haigizwi. Unachokivaa kina mwenyewe, mjukuu wangu. Mwenyewe atakifuata mpaka kitandani."

"Basi atanikuta nimelala."

"Atakukuta," alisema, akaingia ndani.

Nilitokea mbele ya watu kwa miguu minne, miduara miwili myeupe kuzunguka macho. Nikawanusa wazazi wa mstari wa mbele. Nikamnusa mwalimu mkuu. Kisha nikaenda hadi alipokaa Udahoda, nikamnusa na yeye, nikageukia watu nikasema, "Huyu ni dada yangu."

Uwanja ulilipuka. Mwalimu Rehema aliziba mdomo kwa kitenge, lakini mabega yake yalikuwa yanaruka. Nimesimama kwenye majukwaa mengi tangu hapo, na sijapata tena kicheko kama kile.

Udahoda akaitwa. Akasimama mbele, akafungua mdomo. Huko nyuma mtu akanguruma. Akaufunga. Hakulia. Alikwenda akasimama kando ya baba yake, na wote wawili wakaondoka kuelekea korongoni, bangili za shaba za Udahoda zikilia kila hatua.

Jioni macho yalianza kuwaka. Asubuhi yalikuwa yamefumba na kuvimba, nikawa sioni kitu. Bibi hakunigombeza. Alitoka bila kusema anakwenda wapi, nami nikabaki kitandani nikisikiliza kuku.

Kisha nikasikia bangili.

Zilivuka ua, zikaingia ndani, zikasimama kichwani pangu. Nikanusa ng'ombe na samli, harufu ileile niliyojifanya kuinusa jana. Nilijikojolea. Sina sababu ya kukuficha.

Mkono ukanishika kidevu. Kitu cha baridi kikatiririka machoni.

"Usifumbe," alisema Udahoda. "Ukifumba inabaki ndani."

Yalikuwa maziwa, maana kwetu ndiyo dawa ya mnyara. Mbuzi wetu walikuwa wamekauka, na bibi alikuwa amevuka korongo kwenda kuyaomba kwa watu ambao mjukuu wake aliwanusa hadharani.

"Udahoda, mimi jana…"

"Nyamaza. Ukisema unatingisha kichwa."

Alikuja siku tatu. Kila akinimwagia maziwa aliimba polepole, kama mtu anayemtuliza ndama. Siku ya tatu nikathubutu.

"Ndio ule wimbo wa shuleni?"

"Ndiyo. Huu unaitikiwa na watu wengi. Wewe peke yako hutoshi."

"Utauimba ukirudi darasani."

"Kesho nachunga."

Macho yalipofunguka alikuwa hayupo. Nilimwona wiki iliyofuata kupitia dirisha la darasa, mbali, nyuma ya ng'ombe. Dawati lake lilibaki tupu. Hata yeye alipokwisha kuondoka, sisi tuliendelea kubanana wanne wanne kuliko kulikalia.

Siku hizi shule za Singida huniita kwenye siku zao za utamaduni niwachekeshe watoto. Huwasimulia hii. Nikifika nilipojikojolea wanacheka mpaka wanaegemeana, halafu nawaonyesha alama mbili hafifu kuzunguka macho yangu, nao wananyamaza. Katika kimya kile huwa nasikia bangili zinavuka ua. Bibi alisema kweli: mwenyewe alikuja, mpaka kitandani.

Mwaka jana binti mmoja wa darasa la tano aliniomba niuimbe ule wimbo. Nikamwimbia kwa kuvuma tu. Sauti ya wimbo ninayo yote. Maneno sina hata moja, kwa sababu miezi yote tuliyosoma chumba kimoja sikuwahi kumwuliza Udahoda hata maji kwao wanayaitaje.