Kiti cha Mzee Sponji Kilichopelekwa Mlimani

Shemeji yangu ni fundi wa makochi, na mtaani kwetu hakuna anayemwita kwa jina lake. Wote wanamwita Mzee Sponji. Wengine wanadhani ni kwa sababu ya kazi. Mimi ninayemkatia vitambaa kila siku nawaambia ni kwa sababu ya umbo, naye akisikia anasema mdomo huu ndio uliomkimbiza mume wangu. Tumezoeana hivyo. Dada yangu, ambaye ndiye mke wake, alishachoka kutuamua.

Karakana iko mbele ya nyumba yao, chumba kirefu chenye dirisha la barabarani. Ukiingia, kushoto iko meza yangu ya kukatia, na chaki na mkasi mkubwa. Kulia ziko fremu za makochi zilizovuliwa nguo, mbao tupu na mikanda. Na pale katikati, panapopita upepo wa dirishani, ndipo kilipokaa kiti chake. Alikitengeneza mwenyewe, akakifungua na kukijaza upya mara nyingi kuliko alivyowahi kubadilisha viatu. Mgongo umelala kidogo, mikono mipana ya kuwekea kikombe, kitambaa cha kahawia nilichokikata mimi na wala sikusifiwa.

Sasa sikiliza utaratibu wa kazi yake. Mafundi wengine wakimaliza kochi hulipiga makofi mawili, vumbi likaruka, mteja akaitwa. Shemeji yangu, thubutu! Yeye akimaliza kiti lazima akikalie mpaka usingizi umchukue. Kikimlaza, kimepita. Kisipomlaza, anakifungua na kuanza upya. Anasema kiti ambacho hakijamlaza fundi wake hakitoki mlangoni, na kwa msimamo huo amepata wateja wa mbali, na kitambi. Maana kugonga na kushona anakumaliza asubuhi, halafu kutwa nzima anapima. Na siku isiyo na kiti cha kupima, anakwenda kwenye kile chake, eti asisahau kipimo.

Asubuhi moja alikuwa anashona ukingo wa kochi kwa ile sindano kubwa iliyopinda, sindano ikamponyoka. Akaiokota, ikamponyoka tena. Nikamtania kwamba uzee huo unabisha hodi. Hakujibu, na yeye si mtu wa kuniachia neno la mwisho. Nilipogeuka nikamwona anautazama mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine, na mdomo umekwenda upande. Mzaha wote ulinitoka. Nikampigia kelele dada, tukamtia kwenye teksi moja kwa moja hospitali. Njiani mkono ukaanza kurudi, mdomo ukanyooka, naye akaanza kudai dereva ageuze gari, kwamba aliulalia mkono vibaya tu. Dada alikuwa ameushika ule mkono kwa mikono yake miwili, na hakuuachia mpaka tulipofika.

Kwa daktari niliingia naye mimi, kwa sababu dada alikuwa anatetemeka. Daktari, mwanamke mtulivu asiyepandisha sauti, alisema kile kilikuwa kiharusi kidogo kilichopita njia, na kinachopita hivyo kinaweza kurudi kikubwa. Presha ilikuwa imepanda vibaya. Akaeleza bila haraka: dawa kila siku bila kuruka, chumvi ipungue, mboga na matunda viongezeke, atembee mpaka ahisi pumzi zinabadilika, asishinde mahali pamoja, alale vizuri usiku. Na asijifungie peke yake. Aongee na watu, aipe akili kazi ngumu ngumu, kwa sababu mambo yanayoulinda moyo ndiyo yanayoulinda na ubongo. Mwisho kabisa, tukiwa tumeshasimama, akaongeza kwamba siku mbili tatu za mwanzo apumzike.

Nje dada akauliza daktari amesemaje.

"Amesema nipumzike," akajibu Mzee Sponji, kwa sura ya mtu mwaminifu kabisa.

Hotuba nzima ile, alichobeba ni neno la mwisho! Nilimwaga yote mbele ya dada pale pale kwenye ngazi za hospitali, lakini mumewe alikuwa ameshashika lake. Akapumzika. Siku mbili tatu zikaisha, yeye bado anapumzika. Kuhusu kutembea, alisema yeye si mtu wa posta. Kuhusu chumvi, alilalamika kwamba wazee huheshimiwa kwa kuwa wamekula chumvi nyingi, leo sisi tunataka kumvua heshima mezani. Dada akapika kwa limau na vitunguu saumu badala yake, na bwana yule akala bila kunung'unika hata kidogo, jambo lililonitia wasiwasi. Nikaja kuelewa siku niliyotafuta misumari midogo. Nililitikisa kopo la misumari, halikulia. Nilipolifungua nikakuta chumvi, imejaa mpaka juu, na kijiko chake.

Nilicheka, kisha nikakasirika, kwa sababu nilijua jambo ambalo yeye hakulijua. Dada yangu alikuwa halali. Aliniambia tukiosha vyombo, bila kunitazama. Usiku anakaa macho kusikiliza pumzi za mumewe. Zikikawia kidogo anamsukuma bega, bwana anakoroma upya, na yeye anaushukuru ule mkoromo ambao ameulalamikia tangu waoane. Uso ulikuwa umepungua, macho mekundu. "Naogopa nikisinzia ndipo kitakapokuja," alisema. Mtu wa kuniambia mimi maneno hayo alikuwa dada yangu, aliyenilea, ambaye sijawahi kumsikia akisema anaogopa kitu.

Basi nikaamua kile kiti kiondoke.

Nafasi ikaja yenyewe. Mwalimu mmoja mstaafu, mjane, anayekaa juu mlimani nyuma ya tangi la maji, alileta kiti chake kifumuliwe na kujazwa upya. Desturi ya karakana ni kwamba mteja aliyeleta kiti chake cha pekee anaazimwa kingine, asikae chini nyumbani kwake. Na wakati huo shemeji alikuwa amekwenda kunyolewa. Nikatazama huku na huku kama mtu anayechagua kwa uangalifu mkubwa, halafu nikawaambia wapagazi waliomletea kiti wachukue kile cha kahawia.

Mzee Sponji aliporudi na kichwa kinachong'aa alisimama mlangoni, akaangalia pale katikati, akaniangalia mimi. Alininunia wiki nzima. Kukirudisha hakuweza, desturi ni yake mwenyewe. Lakini kukiacha mikononi mwa mtu asiyejua kukaa hakuweza pia. Kesho yake akavaa viatu, akasema anakwenda kuangalia kama mwalimu anakalia kiti sawasawa au anakiharibu. Teksi hazifiki kule juu, njia ni ya ngazi na kokoto. Akaenda kwa miguu, akipumzika kila baada ya nyumba chache na kujifanya anasalimia watu.

Mwalimu yule naye alikuwa na yake. Alimkaribisha, akampa chai isiyo na sukari na ndizi, akakikalia kile kiti mbele ya mwenyewe. Shemeji alipoomba akikalie kidogo akipime, akaambiwa kwamba nyumba ile mgeni anakalia kiti kizuri akishinda drafti. Akishindwa ni kile kigoda cha mbao pale karibu na mlango. Mzee Sponji alijiona bingwa wa drafti tangu ujana. Alikalia kigoda.

Akarudi kesho yake, na keshokutwa. Mlimani anapanda akiwaza kete, mlimani anashuka akiwaza kete. Siku nyingine nilimkuta amepanga vifungo vya makochi juu ya meza yangu, vyeusi na vyeupe, anavisogeza peke yake na kuvitukana. Alianza kuwajua watu wa njiani: muuza mboga aliyempunguzia bei ya mchicha, wazee wawili wanaogombana kuhusu redio, mama mmoja aliyemfundisha kupanda ngazi bila kubana pumzi. Nyumbani akawa na habari za kila mtu, dada akawa haishi kucheka. Kopo la misumari likarudiwa na misumari, sikuuliza. Mkanda wa suruali ukahitaji tundu jipya, na tundu nilitoboa mimi.

Mpaka hapo ungedhani tumemaliza. Wapi! Alipopimwa presha ikakutwa imeshuka, bwana akajitunuku kwa kuacha dawa. Alikuwa anazitumbukiza moja moja ndani ya kochi la mteja, kati ya sponji na mbao, akidhani mkataji vitambaa hapitishi mkono kila mahali. Nilizikuta, nikaziweka kiganjani kwa dada mbele yake. Akajitetea kwamba hajisikii vibaya, presha iko chini, sasa dawa ya nini?

Dada hakupandisha sauti. Aliligeuza lile kochi juu chini, akaishika mikanda iliyosukwa chini ya kalio, ile ambayo mteja haioni hata siku moja.

"Kochi hili limenyanyuka vizuri, halijazama," alisema. "Basi kata mikanda, si limeshapona?"

Mzee Sponji aliitazama ile mikanda. Kisha akaomba maji. Tangu siku hiyo hajaruka dawa, na kama ameruka basi amekuwa hodari kuliko mkono wangu.

Ikabaki kazi ya mwalimu. Kile kiti chake kilishafumuliwa, kikapata mikanda mipya, springi na sponji nzuri, kitambaa cha kijani. Mzee Sponji akakikalia kukipima, na usingizi haukuja. Akakifungua. Akapunguza sponji, akakifunga, akakikalia. Macho makavu. Akakifungua tena. Akabadili springi, akalegeza mgongo, akakikalia tena huku akitazama dari. Nikamwambia kiti hakina kosa, ila yeye siku hizi anapanda mlima na kulala usiku kama watu, huo usingizi wa mchana angeutoa wapi? Hakuniamini. Alidhani namfariji, na mimi sina sifa ya kufariji watu.

Akaanza kunyong'onyea. Mlimani alikwenda, lakini drafti aliicheza kama mtu anayesindikiza wenzake. Hatimaye akanitamkia kilichokuwa moyoni. Alisema mkono umerudi, lakini ujuzi wake umekwenda na kile kiharusi, na mtu asiyejua tena kiti kizuri ni kipi hana kazi duniani. Nilimwonea huruma.

Siku ya kurudi kwa daktari walikwenda wote wawili. Daktari akapima presha, akaridhika. Akamwambia amkamate vidole kwa nguvu, mkono wa kulia na wa kushoto, na akasema yote miwili inaumiza sawasawa. Akamwambia dada kwamba mumewe anaendelea vizuri, waendelee hivyo hivyo wasilegeze. Waliporudi dada alikuwa analia na kucheka pamoja. Shemeji yeye alipita moja kwa moja kwenye kiti cha kijani, akachukua kisu cha kufumulia mishono.

"Unafanya nini tena?" dada akamuuliza.

Akamweleza kwamba kiti hakilazi. Dada akasema hebu asubiri kwanza, amechoka na jua la njiani, akakaa kwenye kile kiti ili asikilize malalamiko vizuri. Shemeji akaeleza habari za springi. Akaeleza habari za mgongo, kwamba pengine amelegeza mno. Akauliza dada anaonaje hapo kiunoni.

Dada hakujibu. Kichwa kilikuwa kimeangukia upande, mdomo wazi kidogo, pochi bado begani. Alikuwa amelala fofofo, mchana kweupe, yeye ambaye kwa miezi yote ile hakuwahi kufumba macho mawili kwa pamoja.

Nilitaka kusema kitu, Mzee Sponji akaniinulia mkono. Ule wa kulia. Akaweka kisu mezani taratibu, akainama akamvua viatu kimoja kimoja, akamwondolea pochi begani. Halafu akasimama pale karibu naye, shingo ameinyoosha, anasikiliza. Nikachelewa kuelewa anasikiliza nini. Alikuwa anasikiliza pumzi za mkewe.

"Kimepita," akaninong'oneza, machozi yakimlengalenga.

Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba basi niite wapagazi, mwalimu achukue kiti chake na yeye arudishiwe cha kwake. Akatikisa kichwa. Kile cha kahawia kikae huko huko, alisema, kikirudi hapa yeye asubuhi atakwenda wapi, na bado hajamfunga yule mwalimu hata mchezo mmoja. Kisha akamtazama tena dada yangu, akavuta pazia la dirisha jua lisimfikie usoni.

"Nenda wewe kwa mwalimu," akasema. "Mwambie kiti chake bado kinapimwa."

Nikaenda. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda mlima ule kwa miguu, na nilifika juu nikiwa nimeshika mbavu, sina hata pumzi ya kutoa huo ujumbe.